Mlinzi wa Lango Alilala

4 Machi

Chiriku, anayekaa meza ya pembeni yangu, anasema mtu anayeshinda akiuliza maswali na haruhusiwi kujibu hata moja atakuja kupasuka kama puto. Amenishauri niwe naandika jioni. Chiriku hushauri kila mtu kuhusu kila kitu, ndiyo maana tukampa jina hilo la ndege, lakini hili nimelisikia. Basi naandika.

Kazi yetu ni kukusanya maoni kwa simu. Kompyuta inachagua namba yenyewe, mtu anapokea, namsomea swali, ananijibu, naweka alama. Visanduku ni vitatu: Ndiyo, Hapana, Hana maoni. Anayesimulia hadithi ndefu bila kutamka ndiyo wala hapana anaingia cha tatu, hata kama amesimulia mpaka akalia. Mwezi uliopita swali lilihusu sabuni. Mwezi huu ni hili: Je, Meya ajiuzulu?

Kila mtu mjini anajua kwa nini tunauliza. Mfereji mkuu unapita kwenye nyumba mpya za Meya na rafiki zake. Lango la mfereji likifungwa, nyumba hizo zinabaki kavu na maji yanageukia bondeni. Mvua kubwa ya kwanza ilipokuja, lango lilifungwa. Bondeni wamekufa watu, na wengine hawajapatikana.

Mlinzi wa lango alikuwa mdogo wangu, Kitinda. Tunamwita hivyo kwa kuwa ni kitinda mimba wa mama. Hajaonekana tangu siku ile. Ofisini hakuna anayejua kuwa ni ndugu yangu, na sina mpango wa kumwambia mtu. Mwenye ndugu kwenye jambo haruhusiwi kuliuliza, nami nataka kuliuliza. Leo niliowapigia wamesema "Aondoke! Aondoke hata sasa hivi!" mpaka roho yangu ikatulia kidogo. Kila Ndiyo naiwekea alama kama mtu anayepigilia msumari.

5 Machi

Mama ameniuliza tena alichosema Kitinda. Huniuliza kila tukimaliza kula, kabla sijaondoa sahani, na mimi humwambia vilevile. Alinipigia simu, mvua ikipiga bati la kibanda chake, akasema: "Dada, watu wa Meya wameniamuru nifunge lango. Nimewaambia maji yatageukia bondeni, wamesema funga. Nimefunga. Sasa nashuka kuwaamsha watu." Simu ikakatika.

Mama husikiliza amefumba macho, kisha husema, "Haya." Halafu huangalia kama simu yake ina chaji. Anapokea kila namba, hata za matapeli wanaomwambia ameshinda gari. Anasema simu ya Kitinda ilikuwa mbovu, huenda ameazima ya mtu.

Namhurumia. Anajidanganya, na mimi nina akili zangu timamu.

7 Machi

Mvua. Aondoke, aondoke, aondoke.

12 Machi

Leo nimempata bibi mmoja anayeishi mbali sana na hapa, sehemu ambayo mvua haijafika. Sauti tamu, ya mtu wa kukukaribisha kiti. Nikamsomea swali. Akasema, "Mnamwonea tu Meya, mwanangu. Mlinzi wa lango alilala. Mtu akishalala, amelala."

Kisha akashusha pumzi ndefu, kama anayetua mzigo kichwani.

Sheria ya kazi ni kwamba hubishani na hushauri. Unanyamaza mpaka mtu amalize. Nikanyamaza, ulimi nimeuuma. Hapana. Nikaweka alama kwenye Hapana.

13 Machi

Dereva wa lori, sauti ya kukwaruza, yuko barabarani: "Mlinzi wa lango alilala. Mtu akishalala, amelala." Na pumzi ileile.

Nimejiambia ni uvumi tu. Lakini uvumi naujua, nimefanya kazi hii miaka. Uvumi ukipita mdomoni mwa mtu huongezwa chumvi. Mmoja atasema mlinzi alilala, wa pili atasema alikuwa amelewa, wa tatu atasema alikuwa na mwanamke. Huu haukuongezwa hata punje.

14 Machi

Leo wengi.

20 Machi

Nimemuuliza Chiriku kama na yeye anausikia.

"Ule wa amelala-amelala? Shoga yangu, mpaka nimeuota," akasema. "Na mvua je?"

"Mvua gani?"

"Sikiliza nyuma ya sauti zao. Kila anayesema hivyo, mvua inanyesha kwake. Jana nimempata mtu, nikamuuliza nje ya swali, kwenu kunanyesha? Akaniambia jua linawaka mpaka mbuzi wamejificha. Na mimi naisikia inapiga bati."

Nilimwambia aache kuvuta vitu asivyovijua. Akacheka, mimi sikucheka. Mchana nimesikiliza. Ipo.

25 Machi

Swali limebadilishwa.

Msimamizi wetu tunamwita Sikio, kwa sababu ana kiti chake nyuma ya kioo na anaweza kuingia kwenye simu yoyote kusikiliza. Akiingia unasikia "tik" ndogo, basi. Hapandishi sauti hata siku moja. Leo ametukusanya akatugawia karatasi mpya. Swali sasa ni: Kwa kuwa mlinzi wa lango alilala, je, Meya ajiuzulu?

Chiriku akanyanyua mkono. "Samahani, bosi. Nani amethibitisha kuwa alilala?"

"Wananchi," akasema Sikio. "Tumewauliza, wamesema. Sisi tunayafuata maoni yao."

"Sasa tunawauliza tena kitu walichosema, tukiwaambia ndicho kilichotokea?"

Sikio akamtazama kwa upole wa daktari. Akatukumbusha msemo wa ofisi, ule uliobandikwa mlangoni tangu enzi za sabuni: Kusoma si kusema. Anayesoma hana dhambi. Mpishi si lazima ale alichopika.

Nilisimama pale karatasi mkononi, nikawaza niifinyange nimrushie usoni. Sikufanya hivyo. Nikitoka mimi, atakaa mwingine kwenye kiti hiki, na hatajua kwamba ni uongo. Angalau mimi najua. Hivyo ndivyo nilivyojitetea, nikarudi mezani nikasoma.

26 Machi

Kutwa nzima nimesema kwamba mdogo wangu alilala. Nimesoma, yaani. Nimesoma.

2 Aprili

Jioni mama aliniuliza. Nikamwambia: watu wa Meya walimwamuru afunge lango, akafunga, akashuka bondeni.

Mama akafumbua macho. "Kuwaamsha watu."

"Eeh?"

"Alisema anashuka kuwaamsha watu. Umeliruka."

"Ndiyo hivyohivyo, mama. Kushuka bondeni, kuwaamsha."

"Siyo hivyohivyo," akasema. "Hebu anza upya."

Nilianza upya kama mtoto aliyekosea sala. Nimechoka, na bado sauti za watu zinalia masikioni hata nikiziba. Nilimkasirikia, tena kwa kitu kidogo.

9 Aprili

Mvua haijapumzika. Kuta za chumba changu zimefanya ukungu mweusi, na maji ya bondeni yamesimama tu, hayaendi wala hayarudi.

Watu wameanza kujibu kabla ya swali. Mtu anapokea, sijasema hata habari za asubuhi, ananiambia, "Alilala." Anashusha pumzi. Anakata.

Leo asubuhi nilisimama kwenye foleni ya mkate. Mbele yangu mama mmoja alimwambia muuzaji kwamba Meya angejiuzulu zamani kama angekuwa na hatia, maana mtu mwenye hatia hana usingizi. Muuzaji akasema kweli, aliyekuwa na usingizi ni mwingine. Foleni nzima ikashusha pumzi. Nilisikia kabisa, mbele yangu na nyuma yangu, watu wote kwa pamoja, mara moja. Halafu kila mtu akaendelea kuchagua mkate wake.

Kilichonitisha si hao. Kilichonitisha ni kwamba na mimi nilishusha.

16 Aprili

Chiriku amefukuzwa.

Kumbe tangu juzi alikuwa anasoma swali la zamani. Sikio aliingia kwenye simu yake, tik, akamsikia. Alimfuata hadi mezani, akamwuliza kwa sauti yake ya chini kwa nini anaharibu kazi.

"Siharibu kitu," Chiriku akasema, na ofisi nzima ikawa inasikiliza. "Mmeniambia kusoma si kusema. Nimejaribu. Lakini mdomo ninaosomea ndio huohuo ninaosemea, bosi. Sina mwingine."

Akachukua mwavuli wake na kikombe chake. Alipofika mezani kwangu akainama. "Wewe unangoja nini?"

Miaka yote nilimwona Chiriku ni debe tupu, la kuvuma tu. Leo nimemtazama akivuka barabara kwenye mvua, kikombe kimening'inia kidoleni, nikamwonea wivu.

18 Aprili

Mvua. Hapana, hapana, hapana.

23 Aprili

Nitaandika polepole ili nisikosee.

Ilikuwa baada ya chakula cha mchana. Kompyuta ikaleta namba, ikaita muda mrefu, ikapokelewa. Hakuna aliyesema. Nyuma yake palikuwa na maji. Sio mvua ya batini ambayo tumeizoea sote. Maji yaliyotulia, yanayogusa ukuta na kurudi, kama ndani ya nyumba. Na pumzi. Pumzi ya mtu aliyepanda ngazi mbio na anajizuia asionekane amechoka. Naijua pumzi hiyo. Nimelala nayo chumba kimoja utoto wangu wote. Alikuwa akikimbizwa na mama kwa utundu wake, anakuja kujificha nyuma ya mlango wetu na kuhema vile, na mimi nasema sijamwona.

Nikasema, "Hujambo?" Kimya.

Nilikuwa karibu kumwita. Jina la nyumbani lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nilitaka kumwambia, Kitinda, mama anakungoja, simu yake ina chaji. Nilitaka kumwambia kwamba nakumbuka aliyosema, yote.

Tik.

Sikio alikuwa ameingia. Nikamwona nyuma ya kioo, ameinamisha kichwa, anasikiliza kama mtu anayeonja mchuzi. Na maji yakagusa ukuta, yakarudi. Na yule mtu akangoja.

Nikasoma.

"Kwa kuwa mlinzi wa lango alilala," nikasema, "je, Meya ajiuzulu?"

Pumzi ikasimama. Haikushuka kama za wengine. Ilisimama tu. Nilisubiri kama sheria inavyotaka, macho kwenye visanduku, na nilikuwa naomba moyoni aseme neno lolote, hata tusi. Baada ya muda simu ikawekwa chini, taratibu, kwa adabu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba alimolala mgonjwa.

Kompyuta ikaniuliza jibu. Nikaweka alama kwenye Hana maoni.

Nilikwenda chooni nikafungua bomba ili nisisikike. Nililia mpaka mama wa usafi akagonga mlango akaniuliza kama nina mimba. Nikamwambia ndiyo, ili aniache. Akanipongeza.

Jioni sikumwambia mama. Ningemwambiaje? Kwamba mwanao alipiga? Hakupiga, sisi ndio tuliompigia. Kwamba yuko hai? Sijui. Kwamba dada yake alipata nafasi moja ya kusema naye, akamsomea karatasi?

24 Aprili

Mvua.

25 Aprili

Nimeitafuta ile namba kwenye kompyuta. Kwenye nafasi yake hakuna kitu.

30 Aprili

Sikio ameniita nyuma ya kioo. Nilidhani ni kwa ajili ya kile kilio chooni. Akanipa kiti.

"Pole kwa mdogo wako," akasema.

Sijamwambia. Sijamwambia mtu yeyote pale, hata Chiriku. Nikamuuliza amejua lini.

"Tangu siku ya kwanza. Ndiyo maana hatukukuondoa kwenye swali hili." Aliongea kwa upole wa kweli, hilo ndilo siwezi kulielewa, hakuwa ananikejeli. "Wengine wanasoma kama tangazo la sabuni. Wewe unasoma kwa huzuni. Mtu akisikia huzuni anaamini. Unasoma vizuri kuliko wote."

Ningepaswa kumwasha kofi. Nilisema, "Asante."

6 Mei

Mama aliuliza, nikamwambia. Alisema amefunga lango na amechoka sana.

Mama aliniangalia muda mrefu. "Nani alisema amechoka?"

"Kitinda. Si ndiye unayemuuliza?"

"Hukuwahi kuniambia alisema amechoka."

"Mama, jamani. Mlinzi anashinda siku nzima na kukesha usiku kucha, atakosaje kuchoka? Ni binadamu."

Alijifuta mikono kwa kitenge chake, kidole kimoja kimoja. Kisha yeye mwenyewe akaondoa sahani, kazi ambayo haijawahi kuwa yake tangu niwe mkubwa. Hakusema "Haya" yake. Nimekaa mezani peke yangu, na kwa kweli nilijisikia mwepesi.

7 Mei

Mama hakuuliza.

8 Mei

Wala leo. Nalala vizuri siku hizi.

13 Mei

Meya ameongea redioni. Amesema yeye ni mtumishi tu, wananchi wakimwambia aondoke ataondoka siku hiyohiyo bila kugeuka nyuma. Lakini ameyasoma maoni yao, na maoni yamemwamuru abaki. Amesema amenyenyekea. Amemwombea marehemu mlinzi, kwamba usingizi si kosa la jinai. Nimeona ni uungwana. Wengine wangemtukana.

Mama alizima redio kabla hajamaliza. Mama amekuwa mgumu sana mwaka huu. Anatembea ndani ya nyumba kama mwenye mgeni asiyempenda.

20 Mei

Mvua imekatika. Nimeamka kukiwa kimya mpaka nikadhani nimekuwa kiziwi. Jua limetoka, matope ya mtaani yameanza kupasuka, na watu wanaanika magodoro kwenye kuta.

Leo ndiyo siku ya mwisho ya swali. Kesho tunaanza dawa ya meno.

Karibu na kufunga, kompyuta ikaleta namba ninayoijua kwa moyo. Namba ya ndugu hurukwa, kuna kitufe chake. Sikukibonyeza. Labda nilitaka kusikia kama na yeye atasema alilala, tuwe sote. Ilipokelewa kabla mlio wa kwanza haujaisha.

"Ni wewe, baba?" mama akasema. Hivyo ndivyo anavyomwita kijana wake.

Tik.

Nikamsalimia kama tunavyowasalimia wote. Nikamsomea. Kwa kuwa mlinzi wa lango alilala, je, Meya ajiuzulu? Sauti yangu haikutetemeka hata kidogo, nilijisikiliza. Nikangoja ile pumzi ishuke.

Haikushuka. Nyuma yake hapakuwa na mvua, wala maji. Nilisikia saa yetu ya ukutani.

"Hakulala," mama akasema. "Watu wa Meya walimwamuru afunge lango. Aliwaambia maji yatageukia bondeni, wakasema funga. Akafunga. Akashuka kuwaamsha watu."

Alisema polepole, kila neno mahali pake. Kitu kikanigonga kifuani kutoka ndani, mara moja. Nikauliza swali ambalo halipo kwenye karatasi.

"Ulimsikia wewe mwenyewe, mama?"

"Mimi sikumsikia. Alimwambia dada yake. Muulizeni dada yake."

"Yuko wapi huyo dada yake?"

Nyuma ya kioo Sikio aliinua kichwa akanitazama.

"Na yeye namngoja," mama akasema. "Asubuhi huondoka hapa kwenda kazini. Jioni anarudi mtu amevaa nguo zake." Akakohoa kidogo. "Una sauti nzuri, mwanangu. Mama yako yupo?"

"Yupo."

"Basi msalimie."

Nikamwambia asante kwa muda wako. Kompyuta ikaniuliza jibu. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Nikaweka alama kwenye Hana maoni, na simu inayofuata ikaanza kuita.